Mwiba uliobaki ndani: hatua za kufuata kidonda kinapofunga na kufumuka tena

Mtu anakanyaga mwiba kwenye mikorosho Tandahimba, anauchomoa, anapangusa damu, anaendelea na palizi. Baada ya siku chache ngozi imefunga. Mwezi wa pili panavimba. Anameza dawa, uvimbe unapoa, na dawa zikiisha unarudi. Mwezi wa nne pametoboka kitundu kinachotoa usaha; kinaziba, kinatoboka tena. Hapo majirani wanaanza kunong'ona kwamba kakanyaga kitu alichotegewa. Mara nyingi alichokanyaga ni mwiba ule ule, ila ncha yake haikutoka.

Kitu kilichobaki mwilini, kiwe mti, kioo au mfupa wa samaki, hakipitiwi na damu. Bakteria hukaa juu yake, wakajifunika utando, na dawa inayosafiri kwa damu haiwafikii inavyotakiwa. Inawaua walio kwenye nyama ya jirani, uvimbe unapungua, mgonjwa anafurahi. Walio kwenye kibanzi wamebaki palepale, wanasubiri dozi iishe. Kwa hiyo kidonda kinachofunga na kufumuka mahali pamoja kichukulie kuwa kina kitu ndani, na usikubali kununua dozi ya tatu dukani kabla hakijatafutwa.

Wakati mwingine hakuna usaha kabisa. Mwili unajenga ukuta kuzunguka kile kitu, kinabaki kinundu kigumu chini ya ngozi, na mtu anaishi nacho miezi au miaka mpaka siku kinaposukuma mshipa wa fahamu, kinapokwaruza kano au kinapougusa mfupa.

Hatua ya kwanza: siku ile ile ya kuumia

Kabla hujatupa ulichokichomoa, kitazame. Mwiba mzima una ncha kali. Ukiuona umekatika butu, jua nusu nyingine iko mguuni. Chupa iliyokukata, itafute pale ulipoikanyaga uone kama kipande kimepungua. Kitu chenyewe kiweke ndani ya kiberiti kitupu; daktari akikiona atajua anatafuta kitu cha aina gani na urefu gani, na hayo ni maelezo ambayo hakuna mashine itakayompa vizuri hivyo.

Osha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, na usione haya kuosha kwa muda mrefu. Usiweke tumbaku, majivu, unga wa betri, mafuta ya taa wala unga wa kapsuli. Unga wa kapsuli nautaja makusudi kwa sababu watu wengi huuona kuwa ni dawa ya kisasa. Juu ya kidonda unatengeneza gamba, na chini ya gamba usaha unakosa pa kutokea.

Kibanzi kinachoonekana, chenye mkia nje ya ngozi, unaweza kukitoa mwenyewe. Nawa mikono, chemsha sindano na kibano, kisha vuta kwa mwelekeo ule ule kilioingilia. Usikiloweke kwanza: mti ukinywa maji unavimba na kulainika, ukiuvuta unakatika. Kama hakionekani, usichimbe. Kuchimba kwa wembe au pini kunakisukuma ndani zaidi na kunafungua njia mpya za uchafu.

Viko vitu ambavyo hutakiwi kuvichomoa kabisa ukiwa nyumbani: nondo au kijiti kilichozama kifuani, tumboni, shingoni au pajani, mkuki wa samaki uliopenya, na chochote kilicho ndani ya jicho. Huenda kitu hicho ndicho kinachoziba mshipa wa damu. Kizungushie nguo pande zote kisitikisike, mpeleke mtu hospitali nacho. Ndoana nayo ina ncha ya pili inayotazama nyuma. Ikishazama nyamani, kuivuta ilikoingilia kunachana. Kata mshipi, iache ilipo, mtabibu ataitoa kwa ganzi.

Halafu kuna pepopunda. Dalili zake hujitokeza kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha, na huanza na taya kukaza. Kidonda kirefu cha kuchomwa, chenye udongo, kinahitaji chanjo ikiwa ya mwisho ulichomwa zaidi ya miaka 5 iliyopita, au kama hukumbuki. Wanawake wengi wameipata kliniki wakiwa wajawazito. Wanaume hawana mazoea hayo, nao ndio wengi kwenye visiki na kwenye ngalawa. Baba, kaka, uliza: chanjo yangu ya pepopunda ilikuwa lini?

Hatua ya pili: jua ulichomwa na nini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tiba yote inageukia hapa.

Mti na miiba ndivyo vinavyosumbua kuliko vyote. Mkindu ambao kina mama wanaukata ukindu wa mikeka una miiba mirefu migumu chini ya kuti, na mwiba huo ukiingia kwenye goti au kiungo cha kidole unaweza kuleta ugonjwa wa ajabu kidogo: kiungo kinavimba na kukakamaa wiki au miezi baadaye, bila homa, na mgonjwa ameshasahau kuti. Anatibiwa baridi yabisi. Vipande vya mwiba vikitolewa pamoja na utando wa kiungo uliovimba, kwa kawaida anapona. Mchongoma wa uani, vibanzi vya mpingo mikononi mwa mchonga vinyago, mabua na visiki baada ya kufyeka, vyote hufanana kwa jambo moja: mti huoza polepole, hubeba udongo na ukungu, na kwa kawaida hauonekani kwenye eksirei.

Udongo huo huo unaweza kupanda ugonjwa mwingine uitwao misetoma, ambao Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2016. Vimelea, ama ukungu ama bakteria, huingia na mwiba, mara nyingi kwenye unyayo. Mguu unavimba taratibu kwa miezi na miaka, hauumi sana, kisha unatoboka vitundu vingi vinavyotoa punje ndogo nyeusi, nyeupe, njano au nyekundu. Kwa kuwa hauumi, watu huchelewa mpaka mfupa umeliwa. Ukiona punje kwenye usaha, ziweke kwenye kikopo safi, nenda nazo.

Baharini kuna mawili makubwa. Taa, yule samaki bapa, akikupiga mkia, mwiba wake una sumu na meno ya pembeni, na vipande vyake pamoja na ngozi inayoufunika hubaki ndani. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Yajaribu kwanza kwa mguu mzima, maana ulioumia unaweza kuungua usijue. Maumivu yatapoa, lakini kupoa kwa maumivu si ushahidi kwamba hakuna kilichobaki. Kidonda cha taa kisichofunga wiki baada ya wiki kinataka kufunguliwa na kusafishwa. Akikupiga kifuani au tumboni, usingoje maji ya moto, kimbilia hospitali.

La pili ni wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi wanaokaa miambani, ambao wachokoaji pweza na wakulima wa mwani wanawajua vizuri mno wakati wa bamvua. Miiba yao hukatika kirahisi na huacha rangi. Hii ni alama nzuri ya kujipima: rangi tupu hufifia ndani ya siku 2 au 3. Doa likibaki jeusi baada ya hapo, yumkini mwiba wenyewe umo. Mingi myembamba humezwa na mwili. Uliozama karibu na kiungo cha kidole au kifundo cha mguu ndio unaoleta vinundu na viungo kuvimba miezi baadaye, na huo usiuvumilie.

Kioo na chuma vina nafuu kwa kutafutika. Wapo wanaoamini kioo hakionekani kwenye eksirei. Karibu kila kioo kinachozidi milimita 2 kinaonekana. Plastiki haionekani. Mifupa ya samaki inategemea samaki.

Hatua ya tatu: endelea kuangalia hata kama ngozi imefunga

Nakuomba usiishie kwenye kufunga kwa ngozi. Angalia kwa wiki kadhaa. Kinachotakiwa kukushtua ni maumivu ya kuchoma unapobonyeza sehemu moja tu, kinundu kisichopungua, kitundu kinachofunguka na kufunga, kidole kisichokunjika kama zamani, ganzi au umeme unaopita ukigusa, na uvimbe unaorudi kila dozi inapoisha. Hili la mwisho kwangu lina uzito kuliko mengine yote.

Mwenye kisukari, na aliyewahi kuugua ukoma akabaki na ganzi miguuni, hawezi kungoja maumivu. Hayaji. Kila jioni akague nyayo zake kwa kioo, au mjukuu amkagulie, na akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Kuna watu wametembea na msumari uliopenya ndala siku nzima bila kujua.

Usilale nyumbani ukiona taya linakaza, homa pamoja na mstari mwekundu unaopanda mguuni au mkononi, au kidole kilichovimba chote kikabaki kimejikunja na hakinyooki bila maumivu makali. Usaha uliofuata ala ya kano unaweza kukiua kidole kwa siku chache.

Hatua ya nne: namna ya kueleza ukifika zahanati

Mgonjwa husema "naumwa mguu" akanyamaza. Mhudumu ana foleni nje, anaandika dawa. Mazungumzo yanayosaidia yanakwenda hivi:

"Shikamoo daktari."

"Marahaba bibi, mguu umeanza lini?"

"Uvimbe una mwezi. Lakini nilichomwa na mwiba wa mkindu pale pale kabla ya Ramadhani. Mwiba ulitoka umekatika, nimekuja nao. Nimemaliza dozi mbili, kila nikimaliza panarudi."

Bibi huyu ameshafanya nusu ya kazi. Ametaja kuchomwa, ametaja kitu, ametaja muda, ametaja dawa zilizoshindwa. Kama tarehe huikumbuki, tumia kalenda unayoishi nayo: kabla ya mfungo, wakati wa kupuliza salfa, korosho zilipoanza kudondoka. Inatosha.

Zahanati ikikosa vifaa, omba barua ya rufaa. Kwa Mtwara kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, kwa Lindi kuna Sokoine. Walio ndani zaidi wana Mkomaindo pale Masasi, na hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao. Piga simu kwanza uulize kama mtaalamu wa picha yupo siku hiyo, nauli ya kurudi mara mbili inauma.

Kipimo chenyewe kiendane na kitu. Chuma, kioo na jiwe: eksirei, ipigwe pande mbili, na pale kilipoingilia pabandikwe kipande kidogo cha waya ili picha ionyeshe umbali. Mti, mwiba na plastiki: ultrasaundi. Kama umepigwa eksirei kwa ajili ya mwiba na ukaambiwa "picha ni safi", uliza kwa adabu: "Daktari, mti unaonekana kwenye picha hii, au tujaribu ultrasaundi?" Si utovu wa heshima kuuliza hivyo. Eksirei safi kwa mtu aliyechomwa na mti haijamaliza kesi. Na ukipelekwa siku moja kwenye kipimo cha MRI, ambacho hufanya kazi kwa sumaku kubwa, taja mapema kama uliwahi kurukiwa na chuma jichoni au una risasi mwilini.

Si kila kitu lazima kitolewe. Kipande kidogo cha kioo au chuma kilichokaa mbali na mshipa, hakiumi, hakina usaha, daktari anaweza kukiacha, kwa kuwa kukifuata kunaweza kuumiza zaidi. Ila mwindaji wa Liwale au Nachingwea mwenye chembe za gobore asidhani habari imekwisha. Risasi ya madini ya risasi ikikaa ndani ya kiungo, majimaji ya kiungo huiyeyusha kidogo kidogo, na sumu yake inaweza kujitokeza miezi au miaka baadaye kwa tumbo kuuma, damu kupungua na mikono kulegea. Kila aendapo hospitali ataje kuwa anayo.

Hatua ya tano: baada ya kutolewa

Uliza kimetoka kizima au vipande, na kama unaweza kukiona. Kidonda kilichokuwa na usaha kwa kawaida huachwa wazi kifunge kutoka chini, hivyo usishangae hakikushonwa. Rudi kusafishwa kila siku ulizopangiwa. Kama kilikuwa kimekaa muda mrefu karibu na mfupa, omba picha ya mfupa. Usaha wa mfupa hutaka dawa za wiki nyingi.

Watoto

Mtoto anakula karanga au korosho huku anakimbia, anapaliwa, anakohoa mpaka macho yanatoka machozi, kisha ananyamaza. Wazazi wanashukuru. Kunyamaza huko ndiko kunakodanganya: punje imeshuka kwenye tawi la pafu. Wiki kadhaa baadaye anatibiwa nimonia, anapona, inarudi, upande ule ule. Anakoroma upande mmoja wa kifua. Eksirei inaweza isionyeshe chochote, maana karanga si chuma. Mzazi ndiye pekee anayeikumbuka ile siku ya kupaliwa, kwa hiyo aitaje bila kuulizwa. Kitu cha namna hiyo hutolewa kwa mrija wenye taa unaopitishwa kooni. Mjerumani Gustav Killian alifanya hivyo kwa mara ya kwanza mwaka 1897, alipotoa kipande cha mfupa wa nguruwe kwenye njia ya hewa ya mkulima. Chini ya miaka mitano, mtoto asipewe karanga wala korosho nzima.

Pua moja ikitoa kamasi lenye harufu mbaya huku nyingine ni kavu, humo mna kitu: ushanga, punje ya hindi, kipande cha sifongo. Sikioni, punje kavu usiimwagie maji, itavimba. Mdudu aliye hai muue kwanza kwa matone ya mafuta ya kula, ila si kama ngoma ya sikio imetoboka au sikio linatoa usaha.

Betri ndogo za mviringo, za saa, rimoti na vidoli vinavyowaka, ni habari nyingine kabisa. Ikikwama kwenye umio inaanza kuunguza nyama ndani ya saa 2, hata kama ni betri iliyokwisha. Mtoto aliyezidi miezi 12, kama ameimeza ndani ya saa 12 zilizopita na anaweza kumeza, mpe vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita, mkiwa njiani kwenda hospitali. Asali isiwacheleweshe hata dakika moja, na usimtapishe. Hata ikishatolewa, kidonda kinaendelea kula ukuta. Siku au wiki baadaye kinaweza kutoboka hadi kwenye mshipa mkubwa wa damu. Mtoto aliyetolewa betri akitapika damu au akipata choo cheusi, hata kama ni kidogo, arudishwe saa hiyo hiyo. Sumaku mbili au zaidi zikimezwa nazo ni dharura, kwa kuwa hushikana zikiwa na utumbo katikati.

Mwiba wa samaki kooni

Tonge kubwa la ugali ndilo dawa ya nyumba nyingi za pwani. Mara nyingine mwiba unashuka. Mara nyingine tonge linaukandamiza ndani ya ukuta wa koo. Bora uache kula, umulikiwe na tochi hospitalini. Mwiba uliotoboa umio huleta jipu la shingo au la kifua siku kadhaa baadaye, wakati mtu anadhani umeshuka. Homa, shingo kukakamaa, maumivu ya kifua, kushindwa kumeza mate: hapo ni usiku huo huo, kwa gari lolote litakalopatikana.

Jicho

Fundi anagonga chuma kwa chuma, au anakata bati kwa grainda bila miwani. Anasikia kitu kimemgusa, jicho linawasha kidogo, kesho anaona vizuri. Chembe ya chuma iliyopenya ndani huota kutu humo, na uoni unafifia baada ya miezi au miaka. Likitobolewa, jicho lililoumia linaweza pia kuuchochea mwili kulishambulia jicho lisiloumia la upande wa pili. Kwa hiyo kila jicho lililopigwa na kitu kilichoruka kwa kasi lionwe na mtaalamu siku hiyo, hata kama linaona. Usilisugue, usilioshe kwa nguvu, usiweke dawa ya matone ya jirani. Funika kwa kikombe cha karatasi kisichogusa jicho.

Waliofanyiwa upasuaji

Pamba au kitambaa cha kuzuia damu kinaweza kusahaulika tumboni, ni nadra lakini hutokea popote duniani, na dalili huweza kuja baada ya wiki au miaka: uvimbe, homa za kurudi, mshono unaotoa majimaji, tumbo kufunga. Mama aliyejifungua kwa upasuaji na mshono wake haukomi kuchuruzika arudi na karatasi zake za hospitali, aseme tarehe ya upasuaji, aombe ultrasaundi. Karatasi hizo azitunze pamoja na kadi ya kliniki hata akishapona, na vivyo hivyo kwa aliyewekewa vyuma vya mfupa, kijiti cha uzazi wa mpango au kitanzi. Vyote hivyo vina muda wake wa kukaguliwa au kutolewa, na tarehe iko kwenye karatasi.